Kiti ni cha Nani? Nyumba ya Kahawa ya Kampasi, Zamani na Leo

Kuko wimbo mumoja ambao wasomi wetu wa umri fulani wanaupenda sana. Utausikia kwenye kilio, kwenye harusi, hata ndani ya treni ikisimama saa tatu porini. Wanasema: zamani, kwenye kampasi ya Kasapa kule Lubumbashi, wanafunzi walikuwa wanakaa mbele ya kikombe na kubishana juu ya Sartre, Senghor na Lumumba mpaka usiku kati. Leo mwanafunzi ananunua mukate na chai, anakula haraka, anaenda. "Hakuna tena mabishano. Batoto ba leo banajua paka telefone." Muzee anatikisa kichwa, na sisi wote tunatikisa pamoja naye.

Mimi ninafundisha watoto ambao kesho watakuwa kwenye kampasi hizo, na wimbo huo umeanza kunichosha. Una ukweli nusu. Nusu ingine inatufanya tuhukumu mutu asiye na kosa.

Najua kuko musomaji atakayeuliza: kahawa ya kampasi inaingia namna gani katika kitabu cha mila? Kahawa si kinywaji cha mababu. Ni kweli. Lakini mahali pa kukaa ni mambo ya mababu kabisa. Katika inchi ya Waluba kiti hakikuwa chombo cha kupumzisha miguu tu. Lupona, kile kiti cha mbao kinachobebwa na sanamu ya mwanamuke, kilikuwa alama ya utawala, na leo watu wanalipa tiketi kwenda kukitazama katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mulopwe akifa, makao yake yaligeuka kitenta, neno lenye maana ya kiti, mahali ambapo roho yake na kumbukumbu yake vinalindwa. Na wale wenye kujua lukasa, ule ubao wa shanga wa chama cha Mbudye, hawakuusoma peke yao chumbani kama mwanafunzi na silabusi yake usiku wa mutihani. Waliusoma mbele ya watu. Basi ninachukua swali la hapa kwetu na kuliweka juu ya kitu cha kigeni: kwenye nyumba ya kahawa ya kampasi, kiti ni cha nani?

Tukitazama historia ya kahawa yenyewe, tunaona jambo la kuchekesha kidogo. Wakubwa hawakuogopa sana kile kinywaji. Waliogopa watu wenye kukaa. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, alikataza kahawa, na kati ya sababu zake ilikuwa ile mikusanyiko ya watu wenye kuinywa usiku. Sultani wa Kairo alilegeza amri hiyo. Oxford, muji wa chuo kikuu, ulipata nyumba yake ya kahawa karibu mwaka 1650, ya kwanza katika Uingereza. Kisha London ikajaa nyumba hizo, na watu wakaziita vyuo vikuu vya peni moja, kwa sababu kwa peni moja mutu aliingia, akapewa kikombe, akakaa na kusikiliza maneno ya wafanya biashara, mapadri na wenye elimu mpaka achoke. Desemba 1675 mufalme Charles wa Pili akaamuru zifungwe zote. Watu wakapiga kelele, naye akarudi nyuma mwanzoni mwa Januari 1676, amri ikiwa haijaanza hata kutumika. Musomaji aangalie hiyo peni. Ilikuwa inalipa kiti zaidi ya kahawa.

Kwenye pwani, kwa ndugu zetu wa Zanzibar na Mombasa, waliona njia ingine, na kwangu mimi njo nzuri kupita zote. Pale nyumba ya zamani ina baraza, ni kusema benchi ya mawe iliyojengwa pamoja na ukuta wa inje. Wanaume wanakaa pale jioni. Muuza kahawa anapita na dele lake la moto na vikombe vidogo visivyo na mukono, anavigonga-gonga ili watu wasikie kwamba anakuja. Kahawa ni chungu, bila maziwa. Unakunywa, unarudisha kikombe, yeye anaenda zake mutaa wa pili. Wewe unabaki umekaa. Hakuna wa kukuuliza kama unanunua tena, kwa sababu yule aliyekuuzia kahawa hakukuuzia kiti. Kiti ni cha mwenye nyumba, naye amekitoa tangu siku alipojenga ukuta. Mambo haya mawili, kikombe na kiti, yako mikononi mwa watu wawili. Ninaomba tuliweke hilo akilini tunaporudi Kongo.

Chuo kikuu cha Elisabethville kilianza masomo mwaka 1956. Mwaka 1971 Leta ikakiunganisha na Lovanium ya Kinshasa na chuo cha Kisangani kuwa kitu kimoja, UNAZA, na sayansi ya jamii na lugha zikapelekwa Lubumbashi. Kikapata jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka 1981. Miaka ile ya UNAZA ndiyo wazee wetu wanaililia. Mwanafunzi alilala kwenye homu, alikula kwenye restora ya kampasi, na burse ilikuwa ya Leta. Akimaliza kula, meza ilikuwa mbele yake bado. Hakuna mutu alikuwa anapoteza franga moja kwa sababu yeye amekaa. Hapo wazee wana haki. Kiti kilikuwa cha Leta, na Leta ilikuwa imekwisha kulipa.

Na walimu walikuwako. V. Y. Mudimbe alifundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, na vitabu vyake vya kwanza vya hadisi vilitoka wakati ule ule: "Entre les eaux" mwaka 1973, "Le bel immonde" mwaka 1976. Yeye mwenyewe alitoka katika inchi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hivi, akafundisha Marekani, na akafa huko mwaka 2025. Mwanafunzi aliyekaa karibu na watu wa namna hiyo alipata kitu ambacho silabusi haikupatii.

Lakini tusimalize wimbo kabla ya kusikia ubeti wa pili. Mwenye kiti alikuwa Leta, na mwenye kiti ana masikio. Chama cha wanafunzi UGEC, kilichozaliwa mwaka 1961, kilipigwa marufuku mwaka 1968, na mahali pake pakabaki vijana wa parti, JMPR. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana wakapigwa risasi. Mwaka 1971 wengi wao wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Kisha hapo, kila meza ya kampasi katika Zaire ilijua kwamba mumoja kati ya wenye kukaa pale anaweza kuwa ameandikishwa kusikiliza. Waliongea juu ya Sartre, sawa. Lakini Sartre alikuwa mbali! Juu ya mutu aliyekuwa karibu, yule aliyekuwa kwenye kila ukuta na kwenye kila franga, waliongea kwa sauti ya chini ao kwa mafumbo. Wazee wetu wanaposema "tulikuwa tunabishana", ningependa waseme pia juu ya nini hawakuthubutu kubishana.

Mwisho wake tunaujua. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa parti moja. Siku chache nyuma, kule Kasapa, wanafunzi walianza kuwasaka wenzao walioshitakiwa kuwa masikio ya usalama. Wengine walipigwa vibaya sana. Usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei, watu wenye silaha wakaingia katika kampasi na kuua wanafunzi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Ubeleji ukakata misaada yake, na inchi zingine zikafuata. Mimi ninaposoma habari ile, sioni tu ukatili wa askari. Ninaona pia meza ambayo kwa miaka makumi mbili watu walikula pamoja bila kuaminiana, na siku kifuniko kilipoondolewa, wakageukiana.

Kuko jambo lingine, dogo kwa macho lakini linanisumbua. Mazungumuzo ya kampasi yalikuwa kwa Kifaransa, na muji haukualikwa. Mumoja wa wasomi waliofundisha Lubumbashi kati ya 1972 na 1974 ni Johannes Fabian. Pale muji mwenyewe kulikuwa muchoraji, Tshibumba Kanda Matulu, asiyekuwa mutu wa chuo kikuu, aliyekuwa anauza picha zake mulango kwa mulango. Wakakutana. Tshibumba akamuchorea picha karibu 100 za historia ya inchi yetu, na akamuelezea kila moja kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha Katanga, na maneno hayo yakarekodiwa. Mwaka 1996 yakatoka katika kitabu. Leo ukitaka kujua namna watu wa Lubumbashi walifikiri juu ya historia yao wakati ule, unafungua kitabu hicho. Hakuna mutu aliyeandika yaliyosemwa kwenye meza za restora. Pengine mazungumuzo bora ya chuo kikuu yalifanywa na mutu ambaye hakuwa na karte ya mwanafunzi ya kumuingizia mezani.

Tusifikiri kwamba hiyo ni shida ya Kongo tu. Kule Dar es Salaam, chuo kikuu cha Mlimani kilikuwa na sifa ya mabishano katika Afrika yote. Walter Rodney alifundisha pale, na wanafunzi wa mapinduzi walianzisha gazeti lao "Cheche" mwaka 1969. Serikali ya Nyerere, ambayo ilijiita ya kijamaa na wao walikuwa wajamaa, ikalifunga mwishoni mwa 1970. Mbele ya hapo, mwaka 1966, wanafunzi karibu 400 walifukuzwa kwa kuandamana juu ya jeshi la kujenga taifa. Pale pia kiti kilikuwa cha serikali. Na pale pia kulikuwa na mila ya wanafunzi inayoitwa Mzee Punch: makaratasi yasiyo na jina la mwandishi, yaliyobandikwa usiku kwenye kampasi ili kuchekesha na kusema ukweli kwa wakubwa. Watu wengi waliisifu. Lakini makaratasi hayo yalizoea kuwashambulia wasichana, hasa yule aliyemukataa kijana fulani. Mwaka 1990 mwanafunzi mumoja wa kike, Levina Mukasa, alijiua kisha kunyanyaswa namna hiyo, na Punch ikapigwa marufuku. Ninaleta habari hii kwa sababu wimbo wetu wa "tulikuwa tunakaa, tulikuwa tunabishana" unaimbwa karibu wote na wanaume. Waulizeni mama zetu waliopita Kasapa, wale wachache. Ulizeni kama walikaa mpaka usiku kati.

Sasa tuje leo, na tuje hapa Kamina. Muji wetu ambao Wabeleji waliujua kwa reli na kwa kambi ya jeshi umepata chuo kikuu na vyuo vya juu. Asubuhi, karibu na milango yao, utaona mama na babula, birika, termosi mbili, beseni ya vitumbua, kopo la sukari, masashé ya maziwa na ya kahawa. Benchi moja ya mbao, mara mbili. Wanafunzi wanakuja kabla ya saa mbili, wanakaa wakibanana. Mumoja akikawia, mama anasema bila hasira: "Kaka, umemaliza? Bengine banangoja." Hapo ndipo wazee wetu wanalaumu. Wanasema mama wa malewa ameua mazungumuzo, ao wanafunzi wenyewe hawana tena hamu.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Benchi inakalisha watu sita. Asubuhi ya biashara ni saa mbili nzima. Kila mutu akikaa dakika makumi mbili, mama atauzia watu 36. Wote sita wa kwanza wakikaa saa mbili wakibishana juu ya Lumumba, atauzia watu 6. Na kwa faida ya kikombe kile, kwanza anunue makala, sukari, mukate. Kisha alipe tiketi ya asubuhi kwa wale wanaopita na kitabu cha risiti. Kisha, mahali pengine, alipe pia ili aachwe kukaa karibu na mulango. Najua chuo kimoja, sitakitaja, ambapo mama aliombwa pesa ya mwezi kwa kivuli cha muembe ambao hakuna mutu wa ofisi aliyeupanda. Na sisi tunataka mama huyo huyo atoe pia kiti cha falsafa, bure!

Kwenye pwani kikombe kilikuwa cha mumoja na kiti cha mwingine. Kasapa, Leta ilitoa vyote viwili, na ikachukua ulimi kuwa malipo. Hapa kwetu leo, mama maskini kupita wote mezani ndiye anayeombwa kutoa vyote viwili. Haiwezekani. Si tabia ya vijana iliyoharibika. Nimewasikia vijana hao hao, wakati mvua imewafunga chini ya mabati na mama hawezi kumufukuza mutu, wakibishana juu ya uchaguzi, juu ya bei ya minervali, juu ya mahari, kwa Kiswahili, Kiluba na Kifaransa pamoja, na kwa uhuru ambao baba zao hawakuwa nao. Na wasichana mule ndani, wakijibu. Hamu iko. Mvua ikikatika, benchi inarudi kuwa ya biashara.

Wengine wanasema mabishano yamehamia kwenye telefone, katika makundi ya WhatsApp ya promosheni. Ni kweli kwa wenye mega. Lakini neno lililosemwa mezani linaanguka chini pale pale, na kesho unaweza kusema umebadili mawazo. Neno la telefone linapigwa picha, linatumwa, linakungojea mwaka muzima. Nimeona vijana wenye akili wakiandika paka "Amina" na "Asante kwa habari" mahali ambapo kwa mudomo wangepinga. Sikio la zamani lilikuwa mutu mumoja mwenye kulipwa. La leo liko katika kila mufuko, na linalipiwa na mwenyewe.

Kuhusu kahawa yenyewe nitasema kidogo, lakini siwezi kunyamaza. Ile saché ambayo mama anapasua na meno na kumwaga katika maji ya moto mara nyingi ina robusta ndani. Robusta ni mutoto wa misitu yetu. Mwisho wa karne ya 19 Émile Laurent na kisha Édouard Luja waliichukua upande wa Lusambo, kwenye muto Sankuru, kaskazini yetu kwa upande wa magharibi. Mbegu zikapelekwa Bruxelles, kampuni ya kuuza mimea ikaipa jina la robusta, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikafika Java, ambako ugonjwa wa majani ulikuwa umemaliza kahawa ya zamani. Kutoka pale ikaenea dunia nzima. Kongo iliuza inje tani zaidi ya 100,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Kisha vita, barabara zilizokufa na ugonjwa wa kunyauka wa mikahawa vikaangusha hesabu hiyo mpaka sehemu ndogo sana yake. Jirani yetu amerudi kwetu akiwa unga ndani ya saché kutoka ng'ambo, na tunamunywa bila kumusalimu.

Nirudi kwenye kiti. Nilipoongea mawazo haya na wenzangu walimu, mumoja alisema: basi Leta irudishe restora. Mimi sitaki. Leta ikirudisha meza itarudisha na sikio lake. Mwingine alisema tuanzishe kafeteria ya kisasa, na viti vya plastiki, firigo, muziki. Hiyo itakuwa nganda, na kijana mwenye franga za kikombe kimoja tu hataingia. Ninachoomba ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Chuo, ao parokia jirani, ao mwenye duka, ao chama chetu hiki hiki kinachochapa kitabu juu ya mila, kitoe ukuta na kivuli, kiweke benchi ambazo si za muuzaji yeyote, na kimwache mama wa termosi auzie pale bila kulipa mahali. Afanye biashara ya kikombe peke yake. Mwenye kukaa akae.

Walinijibu kwamba benchi zitaibiwa wiki ya kwanza, ao zitapasuliwa kuwa kuni za kupikia bukari. Wana haki, mbao katika muji huu hazilali inje. Lakini hapa Kamina kila mutaa kuko mutu anayechoma matofari. Tujenge za matofari, zishikane na ukuta, kama kule pwani.